Baharia wa Rosalind aliyestaafia relini: uchambuzi wa wasifu mmoja wa mazishi

Rasimu ya kwanza ya wasifu wake ilikuwa na aya tatu. Ya kwanza ilitaja alikozaliwa, milima ya Taita, na shule aliyosoma. Ya tatu, ndefu kuliko zote, iliwapanga watoto, wajukuu na vitukuu. Katikati palikuwa na sentensi moja iliyobebeshwa miaka yake yote ya kazi: "Marehemu alihudumu katika Kenya Navy kuanzia 1952 hadi 1962, kisha akajiunga na Kenya Railways hadi alipostaafu mwaka 1988."

Mjukuu wake wa kike ndiye aliyeiandika, usiku, kwenye simu, nyumba imejaa watu wa matanga. Aliniletea niipitie kabla haijaenda kuchapishwa kwenye programu ya mazishi, kwa kuwa huku kwetu Changamwe watu wamezoea kunipa kazi hiyo. "Mwalimu, tuangalizie tahajia tu," akaniambia. Tahajia ilikuwa safi. Tatizo ni kwamba ile sentensi ya katikati haikuweza kuwa kweli, na jinsi ilivyokaa ilimkata mzee vipande viwili visivyojuana: baharia mpaka hapa, mtu wa reli kuanzia hapa.

Familia imeniruhusu kueleza kisa hiki bila majina. Nimekieleza kwa urefu kwa sababu watu wa rika lake wanakwisha, na wasifu wa aina hii unasomwa makaburini kila wiki, makosa yale yale, kisha programu inafungiwa chakula au kutupwa, na hakuna anayerudi kuuliza.

Jeshi lipi la majini?

Kenya ilianzisha jeshi lake la wanamaji mwaka 1964, baada ya uhuru. Mtu hawezi kumaliza utumishi mwaka 1962 katika jeshi lililozaliwa miaka miwili baadaye. Basi ama miaka imekosewa, ama jeshi silo. Watoto wake wa kiume walishika kwamba miaka ndiyo iliyokosewa, wakataka tuandike 1964 hadi 1970 yaishe. Shangazi yao, dada mdogo wa marehemu, akakataa katakata. Kaka yake alioa akiwa ameshatoka baharini, na harusi ile ilifanyika bendera ya Mwingereza ingali inapepea. Nilimwamini shangazi. Katika kazi hii nimeona watu wanasahau tarehe upesi sana, lakini kipi kilitangulia kipi hawasahau, hasa kama ni harusi na wao ndio waliopika.

Ushahidi ulikuwa ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda cha mzee. Pamoja na shahada ya kuachishwa utumishi, mikunjo yake imeshapasuka, kulikuwa na utepe mweusi wa kofia ya baharia, nyuzi za dhahabu zimefifia lakini herufi zinasomeka kwa kidole: HMEAS. Hapo hakuna K ya Kenya. E na A ni za Afrika Mashariki.

Kabla ya uhuru nchi nne, yaani Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, zilikuwa na jeshi moja la majini. Mizizi yake ni kikosi cha akiba cha wanamaji kilichoundwa Mombasa mwaka 1933. Baada ya Vita Kuu ya Pili kilipangwa upya, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 kikapewa jina la Royal East African Navy, makao yake yakiwa hapa hapa Mombasa. Meli yake iliyojulikana kuliko nyingine ni Rosalind, ambayo Waingereza waliiunda mwaka 1941 kwa umbo la meli ya uvuvi wakaitia silaha kwa ajili ya vita, kisha ikaletwa huku vita vilipokwisha ili mabaharia wajifunzie. Mwaka 1962 jeshi lile lilivunjwa. Tanganyika ilikwisha kuwa huru, nyingine zilikuwa njiani, na gharama za kuliendesha kwa pamoja hazikuwa na mwenyewe.

Kwa hiyo miaka ya mzee ilikuwa sawasawa tangu mwanzo, na lililokosewa ni jina la jeshi. Hata sababu ya kuondoka kwake ikajulikana papo hapo: hakufukuzwa, wala hakuacha kazi. Jeshi lenyewe lilifungwa, naye akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu mwenye ujuzi ambao nchi kavu ilionekana haina haja nao.

Mkwe mmoja alipendekeza tuongeze kwamba alipigana vita vya Hitler. Heshima yake alikuwa nayo ya kutosha bila hiyo. Rosalind ilipokuwa vitani, yeye alikuwa mtoto anayechunga mbuzi Taita, na hivyo ndivyo alivyosimulia mwenyewe maisha yake yote.

Miaka miwili ya kuzaliwa

Hili lilituchelewesha kidogo tu, ila familia nyingi hukwama hapa. Shahada ya jeshi inasema alikuwa na umri wa miaka 21 alipoandikishwa mwaka 1952, maana yake alizaliwa 1931. Kitambulisho kinasema 1933. Kitambulisho ndicho kilichomstaafisha mwaka 1988, akiwa na miaka 55 kwa hesabu ya serikali.

Cheti cha kuzaliwa hakuwa nacho, na watu wa umri wake kutoka vijijini wengi wao hawakuwa nacho. Tulichokuwa nacho ni kumbukumbu moja aliyoirudia mara nyingi: mgomo mkubwa wa Mombasa wa Januari 1947. Alikuwa ameletwa mjini kukaa na mjomba wake, kibarua wa reli. Wafanyakazi wapatao 15,000 wa bandari, reli na kwingineko waliweka zana chini, mji ukasimama, na mikutano ikawa inafanyika uwanja wa Kiembeni, ambao wagomaji wenyewe waliubatiza Kiembeni ya Maskini. Ndio mgomo uliomtoa Chege Kibachia kuwa sauti ya wafanyakazi. Mzee alikuwa akisema alimpelekea mjomba wake chakula uwanjani akiwa bado kwenye kaptula ya shule, na walinzi wakamwacha apite kwa sababu ya udogo wake.

Mtoto wa miaka kumi na mitatu anapishwa. Wa karibu kumi na sita angeulizwa kwa nini na yeye hajagoma. Mimi naegemea kwenye 1933, na sitashangaa kama kijana aliyeitaka kazi ya jeshi aliongeza miaka miwili mbele ya karani. Lakini kuegemea si kujua. Tuliandika "alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1930", na mwaka wa kitambulisho ukabaki kwenye jeneza na msalaba kwa sababu ndio alioutumia mwenyewe kila aliposaini.

Moto ule ule

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikatae kurekebisha jina la jeshi tu na kurudisha karatasi.

Kwenye shahada ile, chini ya tabia ("nzuri sana"), kuna mstari wa kazi. Mzee hakuwa mpiga mizinga wala msukani. Alikuwa mtu wa chini kabisa ya meli, chumba cha boila, mchochea moto. Rosalind ilikwenda kwa mvuke. Na alipoingia relini mwaka ule ule wa 1962, aliingia kama nini? Fayamani. Mchochea moto wa gari la moshi.

Watoto wake walijua yote mawili, kila moja mbali na mwenzake. Hakuna aliyekuwa ameyaweka pamoja. Siwalaumu, kwa sababu tumezoea kuyaona maisha ya mtu kama orodha ya waajiri. Ukiandika mwajiri na mwaka, baharia aliyehamia reli anaonekana mtu aliyebahatisha kazi nyingine. Ukiandika kazi yenyewe, unaona hakuhama popote. Alibeba ujuzi wa boila kutoka majini akaupandisha mlima.

Tena hata waajiri wenyewe hawakuwa mbali kama tunavyodhani. Reli ya Kenya na Uganda iliunganishwa na ile ya Tanganyika mwaka 1948, likawa shirika moja la reli na bandari la Afrika Mashariki. Bandari ya Kilindini ilikuwa chini ya shirika hilo hilo la reli. Meli za Ziwa Victoria pia. Juu ya shirika hilo ilikaa Tume Kuu ya Afrika Mashariki, ambayo jeshi la majini nalo liliendeshwa chini yake. Baharia aliyeshuka kutoka melini Kilindini hakuhitaji kwenda mbali kutafuta kazi ya boila; reli zilikuwa zinaingia mpaka gatini.

Hapo ndipo kosa la pili la ile sentensi linapoonekana. Mwaka 1962 hakukuwa na Kenya Railways. Shirika la Kenya lilikuja baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977. Kwa miaka kumi na mitano ya kwanza mzee alikuwa mfanyakazi wa reli ya Afrika Mashariki nzima, na kofia yake ya pili, kama ile ya kwanza, ilikuwa na herufi E na A.

Injini alizofanyia kazi zilikuwa za aina ya 59, zile Garratt kubwa nyekundu. Zilikuwa 34, zimetengenezwa na Beyer Peacock wa Manchester katikati ya miaka ya 1950, kila moja ina uzito wa zaidi ya tani 250 na imepewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Katika njia za reli zenye upana wa mita moja, duniani kote hakukuwa na injini ya mvuke yenye nguvu kuzishinda. Moja yao, Mount Gelai, iko mpaka leo kwenye Makumbusho ya Reli Nairobi, na nawasihi wenye watoto wawapeleke wakaione, waiguse. Kazi yake ilikuwa kuvuta mizigo kutoka usawa wa bahari Mombasa hadi Nairobi, umbali wa kilomita 530 na kimo cha mita zaidi ya 1,600.

Mwanawe mkubwa alikuwa akidhani baba yake alitupa makaa kwa koleo miaka yote. Hapana. Garratt hizi zilichoma mafuta mazito, na kazi ya fayamani wa mafuta ni ya macho na vidole. Mkono mmoja unafungua mafuta, mwingine unarekebisha mvuke unaoyarusha ndani ya tanuri kama mvua nyembamba. Macho yanazunguka sehemu tatu bila kupumzika: mshale wa presha, kioo cha maji kinachoonyesha kiasi kilichomo ndani ya boila, na moshi kwenye bomba. Moshi mweusi maana yake mafuta yamezidi, yanapotea bure, na masizi yanaganda ndani ya mabomba ya boila. Bomba lisipotoa chochote, hewa imezidi na boila linapoa. Kinachotafutwa ni ukungu wa kijivu, mwepesi, unaoonekana na kutoonekana. Masizi yakishaganda, fayamani anasubiri injini iwe inavuta kwa nguvu kwenye mwinuko, anatupa mchanga kidogo ndani ya tanuri, mvuto wa hewa unaupitisha kwenye mabomba ukisugua, na wingu jeusi linatoka ambalo watoto wa Mazeras na Mariakani walilikimbilia kulitazama.

Mjomba wa yule mjukuu, naye mstaafu wa reli, aliyeanza kazi chini ya mzee, alitueleza hili la mwisho, na mimi nililiandika neno kwa neno. Hatari kubwa ya boila ni maji kupungua mpaka dari la tanuri likabaki wazi. Chuma kinalainika, boila linaweza kupasuka na kuua. Kwa hiyo kioo cha maji ndicho roho ya watu wote juu ya injini. Lakini kioo hudanganya. Injini ikipanda, maji yanakwenda nyuma. Ikivuka kilele na kuanza kushuka, yanakwenda mbele, na kioo kinaonyesha maji mengi au machache kuliko yaliyomo. Vijana wapya walikuwa wakitishika, wanajaza maji hovyo, presha inaanguka, treni inasimama mlimani. Mzee hakutishika hata siku moja. Walipomuuliza amejifunza wapi, alijibu: "Baharini kioo hakitulii. Meli inalala huku, maji yanakwenda huku. Inalala kule, yanakwenda kule. Unajifunza kusoma katikati."

Mjukuu alipoyasikia maneno hayo aliweka simu chini na kukaa kimya, kisha akafuta aya yake ya pili yote bila kuambiwa.

Yako mengine tuliyoyapata kwa mjomba huyo ambayo nisingependa yapotee. Safari ilikuwa ndefu mno kwa watu wale wale, hivyo timu mbili zilipokezana: moja ikiwa kazini, nyingine imelala ndani ya behewa la wafanyakazi nyuma ya injini. Mzee alikuwa na sifa ya kulala palipo na mtikisiko na kuamka treni inaposimama. Makindu walikula katika hekalu la Masingasinga, lililojengwa na Masingasinga wa reli katika miaka ya 1920 na linalolisha msafiri yeyote mpaka leo bila kumuuliza dini yake. Mzee, Mkristo wa Taita, alikuwa akitoa sadaka huko kila mwisho wa mwaka mpaka miguu ilipomkatalia kusafiri. Hilo halikuwamo kwenye rasimu. Sasa limo.

Baadaye alipanda cheo akawa dereva. Kazi ile kwa muda mrefu ilikuwa mikononi mwa Wazungu na Wahindi, na ni baada ya uhuru ndipo Waafrika walipofunguliwa mlango kwa wingi kwenye njia kuu. Dizeli zilikuja zikaiondoa mvuke polepole mpaka ilipokwisha kabisa, kufikia mwaka 1980 hivi. Alizikubali dizeli na akaziendesha miaka mingi kwa usalama. Hakuzipenda, na hakulificha hilo.

Mwaka wa 1977

Februari 1977 Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na kufikia katikati ya mwaka Jumuiya ilikuwa imekufa. Kwenye vitabu hilo ni jambo la marais na mabenki. Kwa familia hii lilikuwa jambo la njia moja ya reli: ile inayochepuka Voi, ikapita Taveta na kuingia Tanzania kuelekea Moshi, ambayo jeshi la Waingereza liliijenga wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Dada mwingine wa mzee, mkubwa wake, alikuwa ameolewa Moshi. Kwa mtu wa reli, dada huyo hakuwa mbali hata kidogo. Baada ya 1977 akawa yuko nchi nyingine kwelikweli. Mpaka ulifunguliwa tena Novemba 1983, na dada alikuwa ameshazikwa bila kaka yake kuwepo. Watoto hawakutaka hili liandikwe, wakiona linaleta huzuni juu ya huzuni. Shangazi ndiye aliyesema liandikwe. Liliandikwa kwa sentensi moja.

Pia kulikuwa na suala la haki za wafanyakazi. Jumuiya ilipovunjika, mali na madeni yake vilibaki vikigombaniwa mpaka makubaliano ya Arusha ya mwaka 1984, yaliyosimamiwa na Mswisi Victor Umbricht, ambapo kila nchi ilikubali kubeba pensheni za watu wake. Maelfu ya wafanyakazi wa zamani, hasa upande wa Tanzania, waliendelea kudai kwa miaka mingi baada ya hapo. Mzee alihifadhi nakala za barua zake zote, zimepangwa kwa tarehe na kushonwa kwa uzi. Mwanzo wa kila barua aliandika namba yake ya kazi kabla ya jina lake. Familia ilitaka kuzichoma pamoja na nguo kuukuu. Niliwaomba wasizichome, na sasa ziko kwa mjukuu.

Kilichosomwa

Wasifu uliosomwa Taita siku ya mazishi ulikuwa mrefu kuliko rasimu, lakini si kwa mengi. Orodha ya vitukuu ilipunguzwa ili nafasi ipatikane, na wachache walinung'unika. Aya ya katikati ilisomeka hivi:

"Mwaka 1952 alijiunga na jeshi la majini la Afrika Mashariki, Mombasa, akawa mchochea moto katika meli ya Rosalind. Jeshi hilo lilipovunjwa mwaka 1962 aliupeleka ujuzi wake wa boila kwenye reli ya Afrika Mashariki, akaanza kama fayamani wa injini za Garratt kati ya Mombasa na Nairobi, akapanda hadi dereva. Mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika na mpaka ukafungwa, akatenganishwa na dada yake aliyekuwa Moshi. Aliendelea na shirika la reli la Kenya hadi alipostaafu mwaka 1988. Katika miaka hiyo yote hakuna boila lililokauka mikononi mwake."

Sentensi ya mwisho ni ya yule mstaafu mwenzake. Nilimuuliza mara mbili kama ana hakika nayo, kwa kuwa ni jambo zito kulisema mbele ya watu wa reli waliokuwa wamekaa mstari wa pili. Alisema ana hakika, na iliposomwa walitikisa vichwa kukubali.

Ndugu wa Moshi walifika siku mbili baada ya mazishi, kwa basi. Walikuja na barua alizomwandikia dada yake kabla ya 1977, nyingine zina mihuri ya posta ya stesheni alizopitia. Baadhi zinataja injini kwa majina yao ya milima. Mjukuu ameanza kuzinakili moja moja, akikaa na shangazi jioni amsomee, kwa sababu shangazi peke yake sasa ndiye anayeweza kusema barua ipi ilitangulia ipi pale tarehe ilipofutika.